Kiti cha Safari: kucheza kwake si ubovu

Swali la msomaji wa Arusha: Mwaka jana nilinunua viti viwili kutoka kwa familia ya wageni iliyokuwa ikifungasha kurudi Ulaya. Miguu ni ya mbao nyeupe iliyokerezwa, sehemu ya kukalia na egemeo ni vya turubai, na pa kuwekea mikono pana mikanda ya ngozi. Muuzaji alisema ni viti vya Denmark vya zamani, kazi ya mbunifu mashuhuri, lakini jina hakulikumbuka. Shida ni kwamba vinacheza, na kijiti cha mbele cha kimoja kina ufa. Fundi wangu anashauri tuvitie gundi na misumari kwenye viungo, kisha tuvipake vanishi ya rangi ya mninga. Je, ni nani aliyevibuni, nitajuaje kama ni vyake kweli, na nimruhusu fundi?

Jibu:

Ndugu msomaji, nianze na fundi, kwa kuwa yeye ndiye mwenye nyundo mkononi na majina ya wabunifu yanaweza kusubiri. Tafadhali mzuie. Kama nimekuelewa vizuri, yaani kama ni kiti ambacho ukifungua mikanda yake kinageuka rundo la vijiti na vitambaa, basi huko kucheza unakokuona ni kasoro ndiko kunakokiwezesha kufanya kazi. Ukikipiga msumari kwenye kiungo, siku moja mtu mzito atakaa, mbao itatafuta nafasi ya kusogea isiipate, na itapasuka palepale msumari ulipopita.

Chukua kimoja ukigeuze miguu juu. Utaona kila mguu una matundu mawili, moja likielekea pembeni na jingine mbele au nyuma, na ndani ya matundu hayo zinaingia ncha za vijiti vinne vinavyounda fremu. Ncha hizo hazikuchongwa kama ulimi wa kawaida wa seremala, ambao una unene uleule toka mwanzo hadi mwisho. Zimekerezwa zikipungua kuelekea mwisho, mfano wa kizibo. Turubai la kukalia limezungushwa kwenye vijiti vya pembeni na kukazwa kwa chini kwa mikanda yenye bizimu. Mtu anapokaa, uzito wake unalisukuma turubai chini, turubai linavivuta vijiti vya pembeni vikaribiane, miguu inasogea pamoja navyo, na kijiti cha mbele na cha nyuma vinabanwa katikati, ncha zake zikizama zaidi ndani ya matundu. Kiungo kinakaza kadiri mzigo unavyoongezeka, na mkaaji akiinuka kinalegea tena. Gundi ya kiti hiki ni yule aliyekikalia.

Faida ya pili ya ulegevu huo inaonekana nje ya nyumba. Kwa kuwa kila mguu una uhuru kidogo, kiti kinaweza kuwekwa kwenye ardhi ya mawe na mashimo na miguu yote minne ikagusa chini, jambo ambalo kiti kilichoungwa kwa gundi hakiliwezi hata kwenye sakafu ya saruji iliyosawazishwa vibaya. Egemeo nalo halikufungwa imara. Linazunguka kwenye mhimili wake katika miguu ya nyuma, likifuata mgongo wa aliyekaa. Na tusisahau hali ya hewa. Gundi ya zamani ya ngozi na mifupa, ambayo viti vingi vya Ulaya vya enzi hiyo viliungwa nayo, hulainika kwenye unyevu, na ndiyo sababu viti vya kifahari vilivyoletwa pwani yetu kwa meli vingi viliachana viungo. Kiti kisicho na gundi hakina cha kulainika.

Sasa jina. Kiti unachokieleza kinafanana na kile kilichobuniwa mwaka 1933 na msanifu majengo wa Denmark aitwaye Kaare Klint, na ambacho kwa lugha yao kinaitwa Safaristolen, kiti cha safari. Neno hilo, kama unavyoona, ni letu: liliingia katika Kiingereza katika karne ya 19 kupitia wasafiri waliopita na misafara ya wapagazi wa bara, kisha likaenea katika lugha nyingine za Ulaya likiwa limebanwa kwenye maana ya uwindaji na mahema. Masimulizi yaliyozoeleka kuhusu chimbuko la kiti ni kwamba Klint alikiona katika picha za safari za Martin na Osa Johnson, mume na mke wa Kimarekani waliopiga filamu za wanyamapori Kenya katika miaka ya 1920 na kukaa miaka kadhaa kwenye kambi yao huko Marsabit.

Lakini kiti cha kwenye picha hakikuzaliwa Kenya. Kilikuwa kiti cha maofisa wa jeshi la Uingereza kilichopewa jina la mji wa Roorkee, kaskazini mwa India, ambako wahandisi wa jeshi la Bengal walikuwa na makao yao. Kilitokea mwishoni mwa karne ya 19, wakati jeshi lilipohitaji samani nyepesi zinazoweza kufungwa kama mzigo mdogo na kupandishwa mgongoni mwa mnyama, kikatumika katika vita vya Makaburu vya 1899 hadi 1902, kisha kikafuata njia za wawindaji na walowezi hadi huku kwetu. Hakuna anayejua mbunifu wake. Naamini hilo ndilo lililomvutia Klint: chombo kilichonyooshwa na matumizi ya watu wengi hadi kikabaki na kile tu kinachohitajika.

Hapa ndipo ninapopenda kumtofautisha mtu huyu na wenzake wa kizazi kile, kwa sababu tukisikia neno usasa katika samani tunawazia mara moja mabomba ya chuma na vioo. Klint alizaliwa mwaka 1888 huko Frederiksberg, mwana wa msanifu P. V. Jensen-Klint, yule aliyechora Kanisa la Grundtvig la Copenhagen, ambalo lilianza kujengwa mwaka 1921 na ambalo Kaare mwenyewe alilikamilisha mwaka 1940 baada ya baba yake kufariki. Kazi yake ya mwanzo inayojulikana ni kiti cha jumba la makumbusho la Faaborg, mwaka 1914, aliposaidiana na Carl Petersen. Mwaka 1924 ilianzishwa idara ya samani katika Chuo cha Kifalme cha Sanaa huko Copenhagen, akawa mwalimu wake, na hapo ndipo alipoacha alama kubwa kuliko kiti chochote. Wanafunzi wake hawakuanza kwa kuchora viti vipya. Walianza kwa kupima vya zamani: viti vya Uingereza vya karne ya 18, samani za China, vigoda vya Misri ya kale. Yeye mwenyewe alipima vyombo vya mezani na nguo zinazokunjwa ili ajue kabati linahitaji kina na upana gani, kabla hajaamua kabati lionekaneje. Kwake swali la kwanza lilikuwa kitu hiki kina ukubwa gani na mwili wa mtu una ukubwa gani, na uzuri ulikuja kama matokeo.

Katika miaka hiyohiyo, Ujerumani kulikuwa na shule ya sanaa na usanifu ya Bauhaus, iliyodumu kutoka 1919 hadi 1933, ambako fikra ilikuwa kinyume: kuanza upya, kwa nyenzo za kiwandani. Mwaka 1925 Marcel Breuer wa shule hiyo alitengeneza mjini Dessau kiti chake cha mabomba ya chuma chenye vitambaa vilivyotandazwa kati ya mabomba, kile ambacho miaka mingi baadaye kilibandikwa jina la Wassily. Na mwaka 1928, mjini Paris, Charlotte Perriand akiwa na Le Corbusier na Pierre Jeanneret walitengeneza kiti cha bomba la chuma chenye egemeo linalozunguka na mikanda ya ngozi badala ya mikono. Ukikiweka kando ya viti vyako utashtuka, maana ni ndugu wa damu: wao nao walikuwa wamekitazama kile kiti cha ofisa wa kikoloni, miaka mitano kabla ya Klint.

Nitasema maoni yangu hapa bila kuyazungusha. Watatu wale wa Paris walichukua sura ya kiti na kuacha akili yake. Egemeo linazunguka, mikanda ipo, picha inapendeza, lakini fremu ya chuma imeungwa daima. Haifunguki, haikazi kwa uzito, na kwenye ardhi yenye mashimo itayumba kama meza yoyote ya mkahawani. Klint alifanya kinyume. Aliondoa mapambo ya kukereza yaliyokuwa kwenye miguu ya viti vya maofisa, akapunguza unene, akasahihisha vipimo, akachagua mbao ya eshi, mti wa Ulaya wenye nyuzi ndefu unaovumilia kupindwa na kugongwa hata ukatumika kwa mipini ya zana, na mfumo wa viungo akauacha kama alivyoukuta. Mtu asiyejua anaweza kusema hakubuni kitu. Mimi nasema alijua mahali pa kusimama, na hilo ni gumu kuliko watu wanavyodhani, hasa kwa mtu ambaye jina lake litaandikwa kwenye kazi.

Wanafunzi wake waliuendeleza mtazamo huo kila mmoja kwa njia yake. Ole Wanscher, aliyeshika nafasi ya ualimu baada ya Klint kufariki mwaka 1954, alitengeneza mwaka 1957 kigoda cha kukunja kilichofuata kigoda cha Misri ya kale. Børge Mogensen, ambaye kati ya 1942 na 1950 aliongoza kitengo cha samani cha umoja wa vyama vya ushirika vya Denmark na kuwatengenezea watu wa kipato cha kawaida viti imara vya bei nafuu, alitoa kiti cha wawindaji mwaka 1950 na kile cha Kihispania mwaka 1958, ambavyo kikalio chake ni ngozi nzito iliyokazwa kwa bizimu. Ngozi ikinyooka kwa miaka ya kukaliwa, mwenye kiti anasogeza bizimu tundu moja mbele. Utaona kwamba ni fikra ileile ya mikanda yako.

Si kila Mdenmark alikuwa mtu wa Klint, lakini. Finn Juhl hakupita darasani kwake, na viti vyake vimepinda na kuvimba kama vinyago, jambo ambalo wafuasi wa Klint hawakulipenda. Namtaja kwa sababu moja inayotuhusu: ukumbi wa Baraza la Udhamini katika makao makuu ya Umoja wa Mataifa New York, uliofunguliwa mwaka 1952, ulipangwa na Juhl kwa zawadi ya serikali ya Denmark, na baraza hilo ndilo Mwalimu Nyerere alilolihutubia Machi 1955 kuidai Tanganyika. Kwa hiyo mtu akikwambia samani zako ni za Denmark, bado hajakwambia ni za shule ipi, achilia mbali za nani.

Tuje basi kwenye uhalisi. Viti vya Klint vilitengenezwa na karakana ya Rud. Rasmussen ya Copenhagen, iliyoanzishwa mwaka 1869, na mwaka 2011 karakana hiyo ilinunuliwa na kampuni ya Carl Hansen & Søn, ambayo inaendelea kuvitengeneza hadi leo. Cha zamani mara nyingi kilikuwa na kibandiko kidogo cha karatasi chenye jina la karakana, kilichogandishwa mahali pasipoonekana, na kwa hiyo nakuomba upitishe tochi taratibu kwenye upande wa ndani wa kila kijiti kabla ya kugusa chochote kwa kitambaa chenye maji. Usipokiona usikate tamaa, kwani karatasi hudondoka, hasa kwenye samani iliyofunguliwa na kufungwa mara mia. Na ukikiona usikibandue ili ukipige picha vizuri. Nimewahi kuletewa kibandiko ndani ya bahasha, na mwenye kiti hakuelewa kwa nini nilisikitika.

Baada ya kibandiko, tazama mbao. Eshi ni nyeupe inayokwenda kwenye rangi ya asali kadiri inavyozeeka, na mistari yake ya ukuaji inaonekana wazi, yenye vitundu vidogo vilivyopangwa safusafu. Kama mbao yako ni nyekundu na nzito, ikanukia unapoikwangua kidogo, huenda ni mninga au mbao nyingine ya huku, na una kiti cha aina ya Roorkee kilichokerezwa na fundi wa hapa kwa ajili ya mlowezi au afisa. Hicho si cha Klint, lakini kina historia yake, na binafsi ningekithamini sana. Tazama pia ngozi na sura ya jumla. Kiti cha safari kilipendwa mno katika miaka ya 1960 na 1970, na wengi walikitengenezea ndugu. Arne Norell wa Sweden alikuwa na kiti chake kiitwacho Sirocco, chenye ngozi nzito na mikanda inayoonekana zaidi. IKEA nayo ilikuwa na kiti chake katika miaka ya 1970, Diana, kilichobuniwa na Karin Mobring. Nchi za Nordic zilishirikiana kujenga kituo cha elimu cha Kibaha mapema katika miaka ya 1960, na wataalamu wao waliofanya kazi Tanzania katika miongo iliyofuata walikuwa wengi. Kukuta kiti cha aina hiyo katika nyumba ya Arusha hakunishangazi, ila kunanifanya nisite kuamini kwamba kila kimoja kilitoka Rud. Rasmussen. Kwa maelezo yako peke yake, mbao nyeupe, turubai na mikanda ya ngozi, uwezekano ni mzuri; sitasema zaidi ya hapo bila kuviona.

Kuhusu vanishi ya mninga, jibu ni hapana, na sababu yangu ya kwanza si ya urembo. Vanishi hujenga ngozi juu ya mbao, na ikiingia kwenye matundu au ikapakwa juu ya zile ncha zinazopungua, ncha haitazama hadi mahali pake, vijiti vitabaki vimetokeza kidogo, na turubai halitapata mkazo ulio sawa kushoto na kulia. Sababu ya pili ni kwamba mbao nyeupe iliyopakwa rangi nyekundu haidanganyi mtu yeyote, na mnunuzi wa baadaye atalipa kidogo kwa ajili hiyo. Mafundi wa Denmark wana desturi ya kutunza eshi na mwaloni kwa sabuni nyeupe ya asili isiyo na rangi wala marashi: wanaiyeyusha kwenye maji ya moto, wanaisugua kwa kitambaa kufuata uelekeo wa nyuzi, wanafuta iliyozidi na kuiacha ikauke. Mbao inabaki kavu kwa mguso, na doa likitokea unarudia mahali pale tu.

Turubai lipigwe brashi laini kwanza ukiwa nje, kisha lipanguswe kwa maji ya vuguvugu na sabuni kidogo, na likauke kivulini likiwa limefungwa kwenye fremu ili lisisinyae kuliko vijiti vyake. Likiwa limechakaa kiasi cha kuchanika, agiza jipya la pamba nzito, lakini la zamani litunze hata kama ni tambara. Ndilo litakalokuwa kipimo cha fundi wa kushona, pamoja na mahali pa kila mshono. Ngozi ya mikanda haitaki jua wala mafuta ya kupikia, ambayo watu wengi huyatumia na kuishia kuulisha ukungu. Mafuta kidogo ya ngozi yasiyo na rangi, mara moja au mbili kwa mwaka, yanatosha kwa Arusha. Pwani utalazimika kuipangusa ukungu mara kwa mara na kukiweka kiti mahali penye upepo.

Kuna adui mmoja wa kumtafuta kabla hujakiingiza kiti sebuleni karibu na samani nyingine, naye ni bungua. Sehemu ya nje ya shina la eshi ina wanga ambao wadudu hao wanaupenda. Weka kiti juu ya karatasi nyeusi kwa wiki nzima. Ukikuta vumbi laini kama unga chini ya tundu dogo, kuna mdudu hai ndani. Hapa kiti hiki kinakupa nafasi ambayo kabati la bibi haliwezi kukupa: kifungue, vua turubai na ngozi, funga vijiti ndani ya mfuko wa nailoni uliobanwa vizuri ili unyevu usigande juu ya mbao, na uviweke kwenye friza yenye nyuzi 18 chini ya sifuri kwa wiki mbili. Vitoe vikiwa bado ndani ya mfuko, na uusubiri mpaka upate joto la chumba ndipo uufungue.

Kimebaki kijiti chenye ufa, na hapo ndipo fundi wako anapoingia, kwa kazi inayomstahili. Ufa ukiwa mfupi na haujafika kwenye ncha, anaweza kuuingizia gundi nyembamba na kuubana kwa kamba usiku kucha. Hiyo ni gundi ndani ya kijiti, si ndani ya kiungo, na haina madhara. Ukiwa umefika kwenye ncha, kijiti hicho kisikaliwe tena, na fundi akereze kingine. Achague kipande kilichonyooka nyuzi kutoka mwanzo hadi mwisho, kisicho na fundo, kilichokauka vizuri, na asihangaike kutafuta rangi inayofanana. Kipimo cha kuangaliwa ni mteremko wa ile ncha: apake chaki ndani ya tundu, aingize ncha mpya na kuizungusha, kisha aitoe na kutazama chaki imegusa wapi. Ikiwa imegusa pete moja tu, mteremko haujalingana na aendelee kupunguza kidogo kidogo kwa msasa. Ikiwa imeenea ncha yote, kazi imekwisha. Mwambie aandike kwa penseli upande wa ndani wa kijiti kipya mwaka wa kutengenezwa, na kile cha zamani ukifunge pamoja na lile turubai kuukuu.

Unapokiunga tena, ingiza vijiti kwa mkono bila nyundo, funga bizimu za chini kwa ulegevu, kaa kwanza kwa dakika moja, kisha inuka na kuzikaza tundu moja zaidi.